Mmarekani ananunua kipande cha bunduki na kukificha kabatini. Anangoja nini?

Hebu nikuulize swali linaloonekana la kitoto. Katika bunduki, bunduki yenyewe ni ipi? Ni mtutu? Ni kile kifyatulio kinachovutwa na kidole? Ni kitako kinachokaa begani? Usicheke. Swali hili limefika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na jibu lake ndilo linalofanya watu wazima wenye akili timamu, kule Seattle na Chicago, kununua kipande cha alumini kisichoweza kufyatua chochote, kukifunga kwa kitambaa na kukiweka kabatini miaka na miaka.

Kipande hicho kinaitwa risiva. Ukitaka kukielewa bila kuona picha, fikiria fremu ya bodaboda. Haina injini, haina magurudumu, haina kiti, haikufikishi hata stejini. Lakini namba imegongwa pale, na karatasi za umiliki zinafuata namba hiyo. Vitu vingine vyote unaenda Kirinyaga Road, unabishana bei, unafungiwa kwa gazeti, unaondoka. Hakuna afisa atakayekuuliza kwa nini umenunua kioo cha pembeni.

Sasa Marekani ilifanya vivyo hivyo kwa bunduki. Sheria ya Kudhibiti Bunduki ya 1968 iliamua kwamba sehemu ya kubeba namba, na kwa hivyo sehemu ya kuhesabiwa kuwa bunduki, ni ule mwili unaobeba mitambo ya kufyatulia. Kwa bunduki ya AR-15, ambayo umeiona kwa filamu na kwa habari mbaya za shule, mwili huo umegawanyika mara mbili, juu na chini. Wa chini ndio serikali kuu inautambua kama bunduki. Ndio una namba. Kuununua dukani lazima ujaze fomu 4473 kwa muuzaji mwenye leseni, na jina lako lipitishwe kwa mtandao wa FBI wa kuchunguza kama una rekodi ya jinai. Mtutu, kitako, kifyatulio, spring'i? Katika majimbo mengi unaagiza mtandaoni na mtu wa posta anakuwekea mlangoni kama umeagiza viatu.

Hapa kwetu mambo ni tofauti kabisa, na ni vizuri ujue. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kipande cha bunduki nacho kinahesabiwa kama bunduki. Ukishikwa na mtutu peke yake huko Kayole, huwezi kumwambia afisa ati "hii ni spea tu". Utalala ndani.

Kuna kituko kingine hapo katikati ambacho kilinifanya nirudie kusoma mara mbili. Kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani, kijana wa miaka 18 anaweza kuuziwa bunduki ndefu nzima dukani, iliyo tayari kufyatua. Lakini kile kipande kitupu hauziwi mpaka afikishe miaka 21. Sababu ni kwamba kipande bado hakijaamua kitakuwa nini. Kinaweza kuwa bunduki ndefu, kinaweza kuwa bastola, na kwa bastola umri wa kuuziwa dukani ni 21. Kwa hiyo kitu kisicho na madhara yoyote leo kina masharti magumu kuliko kile kinachoweza kuua leo. Sheria hapo inaangalia kesho.

Na hiyo kesho ndiyo biashara yenyewe.

Risiva tupu ya bei nafuu unaipata chini ya dola 100, yaani chini ya shilingi 13,000. Bunduki nzima ya aina hiyo ni dola 500 kwenda juu, na zile za majina makubwa zinapita hapo mara mbili, mara tatu. Kwa hivyo mtu asiye na doo ya bunduki nzima ananunua kipande chenye namba, kile ambacho sheria inaweza kumfungia mlango, halafu anajiambia vingine atavinunua polepole. Si wewe unamjua msee aliyenunua ploti ya 50 kwa 100 Kamulu, akaweka mawe manne ya mipaka, na mpaka leo panamea nyasi? "Nitajenga baadaye." Risiva ni ploti ya mpenda bunduki. Anachonunua hasa ni haki ya kujenga, au anachodhani ni haki ya kujenga. Hapo kwa "anachodhani" ndipo tutarudi, kwa maana ndipo watu wanalia.

Kabla hujamwona huyu mtu kama mwendawazimu, jua kwamba historia imewahi kumlipa. Mnamo Septemba 13, 1994 serikali kuu ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa bunduki nyingi za mtindo wa kijeshi. Lakini zile zilizokuwa tayari mikononi mwa watu ziliachwa. Sheria yenyewe ilikuwa imewekewa umri wa miaka kumi, na ilipofika Septemba 13, 2004 bunge halikuiongeza. Ikafa. Mwenye subira alikula mbivu, kihalisi. Kizazi kizima cha wanunuzi kilijifunza mambo mawili pale: kwamba kilicho mkononi kabla ya tarehe hakiguswi, na kwamba marufuku huja na kuondoka.

Ndiyo maana kila kukitokea mauaji makubwa na wanasiasa wakaanza kuongea, maduka hujaa. Disemba 14, 2012 watoto 20 na watu wazima sita waliuawa katika shule ya msingi ya Sandy Hook, Connecticut. Mwezi huo huo mfumo wa FBI ulipokea maombi zaidi ya milioni 2.7 ya uchunguzi wa wanunuzi, idadi iliyokuwa haijawahi kuonekana mpaka wakati huo. Ombi moja si lazima liwe bunduki moja, hilo nakubali. Lakini mwelekeo unauona. Watu walikuwa wanazika watoto, na wengine walikuwa kwa foleni ya kununua aina ile ile ya silaha iliyotumika. Siandiki hivi ili umchukie mtu wa foleni. Wengi wao hawatawahi kumdhuru mtu. Naandika kwa sababu waliotunga sheria walijua foleni itakuja, na bado wakaendelea kutangaza tarehe.

Lakini kama unataka kuelewa mchezo huu wa vipande, lazima twende California, maana huko ndiko ulikochezwa mpaka ukachoka.

Januari 1989 mtu mmoja aliingia uwanja wa shule huko Stockton na kuua watoto watano. Mwaka huo huo California ikawa jimbo la kwanza kupiga marufuku bunduki za mtindo wa kijeshi. Sheria ilitaja bunduki kwa majina. Unajua kinachofuata, kwa sababu wewe ni Mkenya na umeona vile pombe ya sacheti ilivyorudi kwa chupa ndogo. Watengenezaji walibadilisha majina. Bunduki ni ile ile, jina jipya, inauzwa.

Kwa hivyo kuanzia mwaka 2000 jimbo likaongeza njia ya pili: usiangalie jina, angalia umbo. Kama bunduki inajipakia yenyewe, magazini yake ya risasi inachomoka, na ina kitu kama mshikio wa bastola, hiyo ni marufuku. Na juu ya hapo likachapisha orodha ndefu ya AR-15 za kampuni mbalimbali, kwa jina la kampuni na jina la modeli. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, katika kesi iliyotoka Kaunti ya Kings, ikasema kwamba kama modeli haimo kwenye orodha, huwezi kumshtaki mtu kana kwamba imo.

Ilichukua kama miaka minne kabla wapenda bunduki wa California kuamka na kuelewa maana ya uamuzi huo. Mwishoni mwa 2005 wakaanza kununua risiva za kampuni ambazo hazikuwa kwenye orodha. Tupu. Kipande kitupu hakina mshikio, hakina magazini, kwa hivyo hata ile sheria ya umbo haikukigusa. Subiri siku kumi za lazima, chukua, nenda nyumbani. Walinunua kwa wingi.

Na sababu yao haikuwa tu kujenga. Ilikuwa kamari. Sheria ya wakati huo ilimruhusu mwanasheria mkuu wa jimbo kuongeza majina kwenye orodha, na jina likiongezwa, wenye kipande hicho wangepewa muda wa kukisajili. Ukishasajili, una bunduki ya marufuku kihalali, na umbo lote unaruhusiwa. Yaani walikuwa wananunua kitu wakiomba kipigwe marufuku! Kila kipande kilikuwa tikiti ya bahati nasibu ya serikali. Serikali ikijibu, wao wanashinda.

Serikali ikasita. Kisha 2006 bunge la jimbo likafanya kitu cha ajabu: likamwondolea mwanasheria mkuu nguvu ya kuongeza majina. Hakuna orodha mpya, hakuna usajili, hakuna ushindi. Tikiti zote zikawa karatasi.

Wenye vipande hawakulia sana. Walijenga bunduki zao kwa njia nyingine, wakaweka kitufe cha kutoa magazini ambacho hakibonyezwi kwa kidole ila kwa kifaa, na kwa vile ncha ya risasi ilihesabiwa kuwa kifaa, kila mtu alikuwa nacho mfukoni. Muongo mmoja ukaenda hivyo. Halafu Disemba 2, 2015 watu 14 wakauawa San Bernardino, na Julai 2016 Gavana Jerry Brown akatia sahihi sheria ya kuziba tundu hilo la kitufe. Wenye bunduki za aina hiyo wakapewa muda wa kusajili, na dirisha hilo likafungwa 2018.

Sasa shika hapa. Dirisha lile lilikuwa la mtu mwenye bunduki iliyokamilika, yenye umbo lililokuwa linapigwa marufuku. Aliyekuwa na kipande kitupu kabatini, aliyesema "nitajenga baadaye", hakuwa na cha kusajili. Alikuwa na ploti, lakini kibali kilitolewa kwa wenye nyumba. Angeweza bado kukijenga kwa umbo linaloruhusiwa, sawa, lakini ile ndoto aliyonunua dukani ilikuwa imekwisha.

Somo hili ndilo naona halijafika majimbo mengine. Washington, kule Seattle, Gavana Jay Inslee alitia sahihi marufuku Aprili 25, 2023, na ikaanza kufanya kazi siku hiyo hiyo, wino haujakauka. Mswada ulikuwa umejadiliwa miezi kadhaa, kwa hivyo foleni zilikuwa zishatokea, lakini angalau hakukuwa na kipindi cha neema baada ya sahihi. Ukisoma sheria yenyewe, ilichokataza ni kutengeneza, kuingiza jimboni, kusambaza na kuuza. Kumiliki ulichokuwa nacho hakukukatazwa. Wengi walisikia sehemu ya mwisho tu. "Nilikinunua mapema, ni changu." Ndiyo, ni chako. Lakini kukichukua kipande kile na kukiunganisha kuwa AR-15 baada ya tarehe, je, huko si kutengeneza? Neno "kutengeneza" lipo kwa orodha ya yaliyokatazwa. Kumiliki ni kitu kimoja, kujenga ni kitu kingine, na aliyelipa dola 80 alilipia hicho cha pili.

Illinois ilienda mbali zaidi. Baada ya watu saba kuuawa kwenye gwaride la Julai 4, 2022 huko Highland Park, Gavana J.B. Pritzker alitia sahihi marufuku Januari 10, 2023, na uuzaji ukasimama papo hapo. Waliokuwa nazo waliambiwa wazitangaze kwa polisi wa jimbo kabla ya Januari 1, 2024. Kwa hivyo hata kabati lenyewe likawa na karatasi ya kujaza.

Linganisha na Rhode Island. Jimbo dogo, unalivuka kwa gari kwa muda mfupi kuliko Nairobi kwenda Nakuru wikendi. Sheria ilitiwa sahihi Juni 2025, ya kupiga marufuku uuzaji na utengenezaji, ila inaanza Julai 1, 2026. Mwaka mzima. Colorado nayo, Gavana Jared Polis alitia sahihi Aprili 10, 2025 sheria inayotaka mnunuzi wa bunduki nyingi za kujipakia apate kwanza kibali na mafunzo, na inaanza Agosti 1, 2026. Miezi zaidi ya 15.

Nitakupa maoni yangu bila kuzunguka. Ukitaka kupiga marufuku kitu kinachodumu miaka 50, na chuma hudumu, usitoe notisi ya mwaka. Kila mwezi wa notisi ni ofa ya dukani iliyolipiwa tangazo na bunge. Unaijua hii kutoka Mombasa: gari kuukuu likipita miaka minane haliingii nchini, na kila Disemba waagizaji wanakimbizana na meli ili gari ligonge bandari kabla ya mwaka kugeuka. Tarehe inaumba haraka ambayo haikuwepo.

Colorado wana jibu lao, na si la kijinga. Kibali kinahitaji makarani, wakufunzi, mfumo wa kompyuta. Hiyo haijengwi kwa wiki mbili. Mimi sikumaliza chuo, sijui kuendesha ofisi ya serikali, lakini hata mimi naona huwezi kumdai mtu cheti ambacho bado hakuna anayekitoa. Bado, ungeweza kufunga mauzo ya risiva kwanza na kuleta kibali baadaye. Kinachofanya nishuku ni kwamba mwaka ule wa kungoja unawafaa watu wengi kimya kimya: mwanasiasa anasema amepitisha sheria, muuzaji anapata msimu bora maishani, na mnunuzi anajiona mjanja. Asiyehudhuria kikao hicho ni yule ambaye bunduki itamkuta huko mbele, labda 2040, ikiwa imerithiwa na mtoto ambaye hakuna aliyemchunguza.

Na nambari tayari ni nzito. Utafiti wa Small Arms Survey ulikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Marekani walikuwa na bunduki milioni 393. Ni nyingi kuliko watu wenyewe.

Sasa lile swali la mwanzo, bunduki ni ipi. Miaka ya karibuni kulizuka wauzaji wa vipande ambavyo havijamalizika kutengenezwa. Kwa kuwa havijamalizika, walisema, si risiva. Na kama si risiva, hakuna namba, hakuna fomu, hakuna FBI. Mnunuzi anamalizia nyumbani. Bunduki hizo bila namba ndizo zinaitwa bunduki za mzimu, kwa sababu polisi wakiiokota hawana pa kuanzia. Mwaka 2022 shirika la ATF, linalosimamia silaha kwa niaba ya serikali kuu, likasema hapana, seti kama hizo ni bunduki. Kesi ikapanda mpaka juu, na Machi 26, 2025 Mahakama ya Juu ikakubaliana na ATF, majaji saba dhidi ya wawili. Aliyeandika uamuzi ni Neil Gorsuch, jaji aliyeteuliwa na Trump, na hoja yake ilikuwa ya mtu wa kawaida: ukinunua meza ya kuunganisha nyumbani, unasema umenunua meza, hata kama bado iko kwa boksi.

Miezi miwili baadaye, Juni 2, 2025, mahakama hiyo hiyo ikakataa kusikiza kesi ya Maryland iliyopinga marufuku ya AR-15. Lakini Jaji Brett Kavanaugh aliandika kwamba suala hilo mahakama inapaswa kulishughulikia hivi karibuni, ndani ya kikao kimoja au viwili. Hayo maneno machache ni petroli. Kila mwenye kipande kabatini aliyasoma na kusema, ngoja tu, itakuwa kama 2004.

Labda unajiuliza haya yanakuhusu vipi ukiwa Pipeline na simu yenye asilimia tisa ya chaji. Yanakuhusu kama una ndugu huko, na wengi wetu tunao, Seattle na Tacoma hasa. Yule binamu aliyeenda kwa viza ya masomo, sheria ya serikali kuu kwa kawaida inamkataza kumiliki bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama mwenye leseni halali ya uwindaji. Na risiva tupu ni bunduki. Haijalishi inaonekana kama kipande cha baiskeli. Akitumiwa picha ya ofa ya dola 60 kabla ya tarehe, mwambie aipite.

Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua, lakini si kwa ajili ya mwingine. Rafiki aliyekatazwa kisheria kumiliki bunduki akimwambia "nichukulie moja kwa jina lako, nitakurudishia doo", hicho ni kifungo cha hadi miaka 15 chini ya sheria iliyopitishwa Juni 2022. Na akiamua kukiingiza kwenye pipa la nguo linalokuja nyumbani, atakuwa amevunja sheria za nchi mbili kwa safari moja: kule kukitoa nje kunahitaji leseni, na hapa kinapofika bandarini Sura ya 114 inakisubiri. Ukishahukumiwa kule kwa kosa la bunduki, sheria ya uhamiaji inaruhusu urudishwe Kenya hata kama kadi ya kijani iko kwa pochi na watoto wamezaliwa huko.